Meza ya Mchomeleaji, na Jinsi ya Kuipata Sawa na Mraba



Leo twapenda kusema nanyi habari za meza. Si meza ya kulia chakula, wala si meza ya karani, bali ni meza ya chuma ambayo juu yake fundi mchomeleaji huunganisha kazi zake: milango, madirisha, vitanda, mageti na madawati ya shule. Huenda wengine wakauliza, "Meza ni meza tu, ina nini hata izungumzwe?" Jawabu letu ni hili: kila kitu kiunganishwacho juu ya meza hurithi tabia ya meza ile. Meza iliyopinda huzaa mlango uliopinda, na meza isiyo mraba huzaa dirisha lisiloingia mahali pake.

Fikirini mfano mdogo. Fundi ana kipimo cha pembe, yaani skwea, ambayo urefu wa mkono wake ni sentimita 30. Skwea hiyo imekosa kwa milimita 1 tu, upana wa alama moja ya wino. Fundi hulidharau kosa hilo. Lakini akitengeneza mlango wenye urefu wa sentimita 210, yaani mara 7 ya skwea yake, kosa lile hukua mara 7, na mlango umekosa kwa milimita 7. Mwenye nyumba hausukumi mlango ukaingia, huupiga teke. Kisha huwaambia jirani zake jina la fundi, wala halitaji kwa sifa. Basi milimita moja iliyodharauliwa imekula riziki ya mtu.

Jambo hili lawahusu hasa vijana waanzao kazi nyumbani, katika banda la gari au chini ya mwembe. Katika Kamukunji, mjini Nairobi, na mahali pengi mno katika miji na vijiji vyetu, mafundi hufanya kazi nzuri wakiwa wamechuchumaa, chuma kikiwa juu ya udongo au juu ya mawe. Twawastahi kwa ustadi wao. Lakini mgongo huchoka, na ardhi haikunyoka. Meza moja iliyo sawa humwondolea fundi taabu zote mbili, naye aweza kuitengeneza mwenyewe, hata kama vyuma alivyo navyo havikunyoka. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza.

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini chuma hupinda kikichomelewa. Babu zetu wahunzi walitia weko kwa moto wa mkaa na mivukuto, wakapiga kwa nyundo juu ya fuawe. Kuchomelea kwa umeme kulianza katika miaka ya 1880, Nikolay Benardos wa Urusi akiwa mmoja wa waliouvumbua ufundi huo. Na kufikia mwaka 1920 Waingereza walikuwa wameshusha majini meli iitwayo Fullagar, ambayo bamba zake ziliunganishwa kwa kuchomelewa bila ribiti. Siku hizi mashine ya kuchomelea hubebwa kwa mkono mmoja. Lakini tabia ya chuma haikubadilika tangu siku za mivukuto: kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea.

Chuma cha urefu wa mita 1 kikizidishiwa joto la digrii 100 hurefuka kwa milimita 1 na sehemu 2 hivi za kumi. Mahali panapochomelewa joto hupanda kupita digrii 1,400, hata chuma kikayeyuka kama nta. Sehemu ile ya moto hutaka kutanuka, lakini majirani zake walio baridi huibana isipate nafasi. Hivyo hujisonga na kunenepa. Ikipoa, hunywea ikawa fupi kuliko ilivyokuwa mwanzo, nayo huwavuta majirani wale wale walioibana. Mmepata kuona ngozi mbichi ya ng'ombe iliyowambwa juani kwa mambo. Ikikauka hunywea, ikavuta mambo yote kwa nguvu. Na mambo yakiwa hafifu hung'oka. Mshono wa moto hufanya vivyo hivyo. Basi fundi asiyejua jambo hili aweza kukata vyuma vyake vizuri, akavipanga vizuri, akavichomelea kwa bidii, na asubuhi akakuta meza imejikunja kama jani kavu.

Jambo la pili ni vipimo. Mtu huuliza, "Nitajuaje kwamba meza yangu ni sawa, nami sina kitu kilicho sawa cha kuilinganisha nacho?" Swali hili ni la akili, na wakubwa wa ufundi waliliuliza kabla yetu. Katika Uingereza alikuwako fundi aitwaye Joseph Whitworth, aliyezaliwa mwaka 1803. Mwaka 1840, katika mkutano wa wataalamu mjini Glasgow, alieleza namna ya kupata uso wa chuma ulio sawa kabisa. Siri yake ni kutumia bamba 3, wala si 2. Ukizisugua bamba 2 mpaka zikapatana, huenda moja ina shimo kama sahani na ya pili ina kifua kama kifuniko chake. Zapatana, lakini zote mbili si sawa. Ilete bamba ya tatu. Uirekebishe mpaka ipatane na ile yenye shimo, nayo itakuwa na kifua. Sasa ziweke pamoja zile mbili zenye vifua: zitayumba, na uongo umefichuka. Ni pale tu ambapo kila moja yapatana na nyingine zote ndipo zote 3 huwa sawa. Hapo hapakuwa na kitu kilichonyoka mwanzoni, na mwisho wamepatikana watatu. Mashahidi wawili waweza kupatana kwa hila; wa tatu huvunja shauri lao.

Fundi wetu hana haja ya kukwangua bamba 3, lakini akili ile ile itamfaa: kila kipimo kipimwe kwanza, tena kwa kukigeuza. Skwea hupimwa hivi. Iegemeze kwenye ukingo ulionyoka wa ubao, upige mstari mmoja mwembamba. Kisha igeuze ubavu wa pili, uipige tena mahali pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni ya kweli. Ikiachana, nafasi iliyo baina yao ni mara 2 ya kosa lake. Rula ya chuma hupimwa vivyo hivyo: piga mstari, igeuze upande wa pili wa mstari ule ule, upige tena. Na pima maji hugeuzwa mwisho wake wa kushoto ukawa kulia. Povu likisimama mahali pale pale, kipimo ni amini.

Sasa tuijenge meza. Twachagua urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 90, na sababu yake wanafunzi wataiona mara moja. Pande zenye 3, 4 na 5 hufanya pembe mraba. Hayo ni maneno ya kanuni ya Pythagoras mliyofundishwa darasani. Tuzidishe kila moja kwa 30, twapata 90, 120 na 150. Basi fremu yetu ikiwa mraba, mshazari wake, yaani kutoka pembe hii mpaka pembe inayoielekea, utakuwa sentimita 150 kamili, na mshazari wa pili kadhalika. Fundi hana haja ya skwea kubwa. Futi yake ya kawaida yamtosha.

Kabla ya kukata, tengeneza mahali pa kupangia. Msiiamini sakafu ya banda la gari. Mara nyingi hujengwa ikiwa imeinama kuelekea mlangoni ili maji yatoke, na juu yake kuna mabonde madogo. Tafuta vyuma 2 virefu vilivyonyoka, uviweke sambamba juu ya matofali. Uvisawazishe kwa mpira wa maji, ule mpira unaoonyesha maji ndani ambao waashi huutumia. Kwani maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja, nayo hayapokei rushwa. Tia vipande vya bati chini ya vyuma mpaka ncha zote 4 ziwe kimo kimoja. Hapo umepata uso sawa wa muda, na juu yake ndipo fremu itakapozaliwa.

Kwa fremu, mabomba ya mraba yenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 3 yatafaa. Kata 2 ya urefu mmoja kwa pande ndefu, na mengine 4 ya urefu mmoja kwa upande wa mapana: 2 kwa ncha na 2 kwa katikati. Msipime kila moja peke yake kisha mkaamini namba. Simamisheni vipande pamoja bega kwa bega juu ya kitu kilicho sawa, mpapase ncha zake kwa kidole. Kidole huhisi tofauti ambayo jicho halikuiona. Kilichozidi kipigwe tupa. Nafasi zilizoachwa baina ya vipande ni adui, kwa sababu nafasi pana hutaka chuma kingi cha moto kuijaza, na moto mwingi ni mvuto mwingi.

Panga vipande vyote, ubane kwa vibanio, kisha shikiza kila pembe kwa nukta moja ndogo tu ya moto. Sasa pima mishazari. Ikitofautiana kwa milimita 4, jua kwamba pembe zimekosa mraba kwa milimita 2 na nusu hivi katika upande wa sentimita 90. Nukta ndogo bado zakubali kurekebishwa: piga pole pole kwa nyundo ile pembe yenye mshazari mrefu mpaka futi iseme namba moja kotekote. Samaki mkunje angali mbichi. Ukisha kuijaza mishono yote, fremu haitakusikiliza tena.

Baada ya mraba, pima msokoto. Weka nati 4 zilizo sawa juu ya pembe 4. Vuta uzi mwembamba wa mshipi kutoka pembe mpaka pembe, na uzi wa pili katika mshazari wa pili, ukaze mpaka ulie ukiguswa. Nyuzi zikikutana katikati na kugusana kwa upole, fremu haikusokotoka. Zikiachana kwa milimita 1, pembe moja imekosa kimo kwa milimita 2. Halafu badilisha, uzi wa chini uwe juu, upime tena. Maana uzi wa chini waweza kuusukuma ule wa juu ukadhani wamegusana kwa amani. Ona tena kwamba ni kugeuza kunakoleta ukweli.

Ndipo uchomelee. Usianze pembe moja ukazunguka mpaka ulipoanzia, kama mtu ashonaye pindo la kanzu. Choma kipande kifupi cha sentimita 3 katika pembe hii, kisha uende pembe inayoielekea kwa mshazari, kisha zile mbili nyingine. Rudi tena ubavu wa pili wa kila kiungo, ili mvuto wa leo ushindane na mvuto wa jana na kuuondoa. Kila baada ya zamu moja, ngoja. Kiungo kikiwa bado hakishikiki kwa mkono, hakikupoa. Wala msimwagie maji ili kuharakisha, maana maji hupoza upande mmoja kabla ya mwingine, na chuma hupotoka. Haraka haraka haina baraka, na mchomeleaji huyaona maneno hayo kwa macho yake.

Miguu iwe ya kimo cha kumfaa mwenyewe, karibu sentimita 90 kwa watu wengi, ili asiiname mchana kutwa. Meza ya miguu 3 haiyumbi kamwe juu ya sakafu yoyote, lakini ni rahisi kupinduka kwenye pembe. Kwa hiyo twapendelea miguu 4. Chini ya kila mguu chomelea nati, utie bolti ndefu iwe unyayo. Kwa kuzungusha bolti hizo, meza husawazishwa mahali popote itakapowekwa, bila vigae wala vijiti.

Sasa uso wa meza. Wengi hudhani ya kuwa bamba nene ndiyo iliyo sawa. Sivyo, unene si unyofu. Ni kweli kwamba unene ukizidishwa mara 2, ukakamavu huzidi mara 8, na bamba nene haipindi upesi. Lakini bamba ya milimita 10 kwa ukubwa wa meza yetu ina uzito wa kilo 85, nayo yaweza kuwa imepinda tangu ilipotoka dukani. Ya milimita 6 ina uzito wa kilo 51, na fremu njema ikiishika vema itafaa kwa kazi nyingi za mlango na dirisha. Unaponunua, tazama bamba kwa kuinama mpaka jicho liwe kimo kimoja na ukingo wake, uangalie upande wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka bamba iliyo sawa huinama vivyo hivyo. Muuzaji akicheka, mwacheni acheke.

Bamba isichomelewe kuzunguka fremu yote. Hilo ndilo kosa liharibulo meza nyingi: kazi njema ya siku 3 hupinda kwa saa moja ya mwisho. Ilaze juu ya fremu, upitishe nati 3 zilizo sawa. Moja weka ncha hii, moja ncha ile, uvute uzi juu yao. Ya tatu ipitishe chini ya uzi mahali pote. Ikikwama pana kilima. Nuru ikipita pana bonde. Penye bonde tia kipande chembamba cha bati baina ya fremu na bamba. Kisha ifunge kwa bolti zilizozamishwa vichwa, au kwa mishono mifupi ya sentimita 2 au 3 chini yake, iliyoachana mbali. Bolti ni bora, kwani siku meza ikichoka huweza kufunguliwa na kusawazishwa tena.

Na asiye na fedha za bamba nzima asikate tamaa. Anunue fletibaa zenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 10, azipange zikiachana kidogo, kila moja ikifungwa peke yake. Katika nafasi zile vibanio hupita kushika kazi, na fletibaa ikiharibika hubadilishwa moja badala ya meza nzima. Kwa kweli mafundi wengi huipenda meza ya namna hiyo kuliko ile ya bamba.

Sasa twasema maneno ya usalama, nayo tafadhali yashikeni kuliko yote yaliyotangulia. Nuru ya kuchomelea huunguza macho hata kama hukuhisi lolote wakati ule; usiku macho huwasha kama yaliyojazwa mchanga. Basi sharti kofia yenye kioo cha giza, na watoto wasisimame kutazama. Mabomba yaliyopakwa zinki yakichomwa hutoa moshi uletao homa; ondoeni zinki kwanza, na mlango wa banda uwe wazi. Pipa lililotiwa petroli, hata likiwa tupu, msilichomelee kamwe, maana mvuke uliobaki hulipuka na kuua. Glovu na viatu viwe vikavu, kwa kuwa umeme hupenda maji. Gari na mitungi ya mafuta vitolewe nje. Na kazi ikiisha, fundi abaki nusu saa akiangalia; cheche moja katika maranda huweza kulala kimya na kuamka baada ya mwenyewe kwenda kulala.

Meza ikisha kamilika, itunzeni. Isiwe fuawe ya kupigia nyundo. Matone ya moto yaliyoganda yakwanguliwe kila jioni, na uso upakwe mafuta kidogo usishike kutu. Kila baada ya miezi michache uvute uzi tena, kwani chuma nacho huzeeka kwa kazi.

Wasikilizaji wetu, mwanafunzi akaliaye dawati lisiloyumba hamjui fundi aliyelitengeneza, wala hajui kwamba fundi yule aliinama, akavuta uzi, akangoja chuma kipoe, akapima tena. Ajua tu kwamba mwandiko wake haukuruka. Hiyo ndiyo faida ya kazi ya kweli, nayo huanza kwa uzi wa mshipi, nati chache na subira.

Tunawaombeni walimu mjaribu pamoja na wanafunzi wenu ile hesabu ya 90, 120 na 150 kwa kamba na vigingi uwanjani. Nasi twawatakia mafundi wetu mikono mizima na macho mazima. Kwaherini.